Wosia na Jibu Lake: Mazungumzo ya Wazazi wa Bwiza

Katika fasihi ya Kiswahili mzazi amepewa nafasi kubwa ya kusema, na mtoto amepewa nafasi kubwa ya kunyamaza. Mwana Kupona binti Msham, alipotunga utendi wake mashuhuri mwaka 1858, alianza kwa kumwita bintiye asogee karibu, atwae wino na karatasi, aandike atakayoambiwa. Shaaban Robert naye aliwaachia watoto wake tenzi mbili za mawaidha: Hati kwa binti, na Adili kwa mwana wa kiume. Tungo hizi zimesomwa kwa vizazi, na zinastahili kusomwa. Lakini msomaji mwenye sikio huenda akajiuliza swali moja jepesi. Baada ya wino kukauka, binti yule alimjibu mama yake nini? Na mama mwenyewe, kabla ya kutunga, alizungumza na nani juu ya mashaka ya kulea?

Swali hili si la mchezo. Ni swali la uhakiki, na tena ni swali la ufundishaji. Fasihi ya malezi inayosomwa madarasani ni fasihi ya wosia, ilhali lugha ya malezi inayosemwa na wazazi wenyewe, mathalan hapa Bwiza mjini Bujumbura, ni lugha ya mazungumzo. Katika makala hii tunakusudia kuyatazama mazungumzo hayo kama tunavyozitazama tungo, yaani kuuliza yana aina gani, kila aina inataka nini kwa msikilizaji, na ni kwa nini mwalimu wa Kiswahili asiyapuuze. Hoja yetu ni hii: wosia ni aina moja tu ya maneno ya malezi, nao hufaa pale ambapo aina nyingine zimetangulia.

Mtaa na lugha yake

Bwiza ni mtaa wa ndani kabisa ya Bujumbura, katika komini ya Mukaza, jirani na Buyenzi. Kiswahili kilifika kando hii ya Ziwa Tanganyika katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyopitia Ujiji. Wajerumani walikitumia katika utawala wao. Wabelgiji, walioingia mwaka 1916 katika mji uliokuwa ukiitwa Usumbura, waliwatengea wakazi Waafrika mitaa iliyokuwa nje ya mamlaka ya machifu wa jadi. Buyenzi ni mmoja wa mitaa hiyo, na Bwiza, ambao zamani ulijulikana kwa jina la Belge, ni mwingine. Humo walikutana watu waliotoka Kongo, Tanganyika, Rwanda na milima ya Burundi yenyewe, na lugha waliyoazimana ili waweze kuwa majirani ilikuwa Kiswahili.

Lugha hiyo haikupata heshima siku zote. Nje ya mitaa hii neno Mswahili lilichukua, na kwa baadhi ya watu lingali linachukua, maana ya mtu mjanja asiyeaminika. Kisha Burundi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikaingia katika masomo ya shule za msingi pamoja na Kiingereza, kando ya Kirundi na Kifaransa. Leo, basi, Kiswahili cha Bwiza kina makao matatu: sokoni, shuleni na nyumbani. Sokoni hakina hofu. Shuleni kimepata heshima ya mtihani. Nyumbani ndiko kwenye mashaka, kwa maana si ajabu kumsikia mtoto akiulizwa kwa Kiswahili naye akajibu kwa Kirundi, au kwa Kifaransa alichotoka nacho darasani.

Kwa sababu hiyo tunasema kwamba mazungumzo ya wazazi si maneno ya pembeni. Hayo ndiyo yanayoamua kama Kiswahili kitabaki kuwa lugha ya nyumba au kitakuwa lugha ya bei na ya mtihani tu.

Sentensi moja, majibu mengi

Tuchukue sentensi moja ambayo kila mzazi ameisikia: «Mtoto wangu hataki kula.» Mama anaisema uani, jioni, makaa yanapowashwa. Mwanafunzi wa sarufi atatuambia kwamba ni sentensi ya taarifa katika hali ya kukanusha. Amesema kweli, lakini hajasema kitu. Mkazi wa uani anajua kwamba sentensi hiyo inaweza kuwa mambo matano mbalimbali.

Inaweza kuwa swali. Mama hajui la kufanya, na anatafuta njia. Hapo jirani mwenye busara hujibu kwa swali jingine: tangu lini? Ana joto? Meno yanaota? Anayekimbilia kutaja dawa kabla ya kuuliza, hata dawa yake ikiwa njema, amejibu sentensi ambayo bado hajaielewa.

Inaweza kuwa kutua mzigo. Mama anajua la kufanya, amekwisha lifanya mara tatu tangu asubuhi, na sasa amechoka. Hapo jibu ni pole. Ushauri ukitolewa mahali hapo humuumiza, kwa kuwa unamwambia, bila kutamka, kwamba shida yake imetokana na kutojua.

Inaweza kuwa mwaliko wa masimulizi. Jirani husema, «Wa kwangu wa pili alikuwa vivyo hivyo,» kisha husimulia. Humo ndani ya masimulizi huwamo ushauri, lakini ni ushauri uliovaa nguo za hadithi. Anayesikiliza huchukua anachokitaka na kuacha asichokitaka, na hakuna aliyeamriwa wala aliyeaibishwa.

Inaweza kuwa mlango wa utani. «Mtoto amekichoka chakula chako, mlete kwangu!» Maneno haya yakisemwa na mtu wa karibu hucheka wote wawili, na mzigo hupungua. Yakisemwa na mgeni huwa ni tusi. Utani una leseni yake, nayo haitolewi kwa kila mtu.

Tena inaweza kuwa majisifu yaliyofichwa. «Hataki kula, anataka mkate wenye siagi tu.» Hapo waliokaa uani husikia habari ya mkate na siagi, si habari ya mtoto. Mara nyingi jibu lake ni kimya, au ni fumbo, au ni kanga itakayovaliwa kesho yake na kuandikwa lile ambalo mdomo haukutaka kulisema.

Tuseme sasa kwamba mama huyo amesema, kwa lafudhi ya mtaa, «Jirani, mtoto yangu hataki kula,» naye jirani akajibu: «Pole, Mama Fulani. Na wewe, umekula?» Tuupime ufundi wa jibu hili. Kwanza limepokea mzigo kwa neno pole. Pili limemwita mwenzake kwa jina la mwanawe, kama ilivyo desturi, na kwa hiyo limemheshimu kama mzazi wakati ule ule anapojiona ameshindwa uzazi. Tatu limegeuza mtenda wa kitenzi kula, kutoka kwa mtoto hadi kwa mama, na limetambua kwamba aliye na njaa ya kusikilizwa ni huyu anayesema. Mhakiki akikuta maneno kama hayo katika tamthilia atayasifu kwa ukurasa mzima. Yakisemwa penye jiko la makaa hayasifiwi na mtu.

Kazi iliyogawanywa

Ni vema tueleze kwa nini aina hizi zote zimekusanyika katika ua mmoja, kwa kuwa haikuwa hivyo tangu awali. Katika jamii za pwani maneno ya malezi yaligawanywa kati ya watu. Mama alifundisha adabu na kazi. Mambo ya mwili na ya unyumba hayakuwa yake kuyasema. Binti alikuwa na somo wake au kungwi, mwanamke mzima aliyepewa kazi hiyo. Bibi na babu walikuwa watani wa wajukuu wao, na utani huo ulimruhusu mtoto kuuliza asiloweza kumwuliza baba. Katika Burundi vilevile shangazi, ambaye Kirundi humwita senge, ana nafasi yake katika kumwandaa binti kwa ndoa. Methali isemayo mkono mmoja haulei mwana haikuwa pambo la hotuba. Ilikuwa maelezo ya mgawanyo wa kazi.

Mji huvuruga mgawanyo huo. Mama wa Bwiza huenda bibi yake yuko Uvira, shangazi yuko Rumonge, na ndugu wengine wako Kigoma au huko milimani. Akibaki peke yake na watoto, hulazimika kuwa mwalimu, somo, bibi na shangazi kwa mdomo mmoja. Aghalabu sauti inayomjia upesi katika haraka za siku ni moja tu, nayo ni ya karipio. Majirani wa uani ndio wanaomrudishia sauti nyingine. Mmoja humtania mtoto kama bibi. Mwingine huketi na binti mkubwa kama somo. Wa tatu humsikiliza mama mwenyewe. Hivyo mazungumzo ya wazazi ni ukoo ulioundwa upya kwa maneno, na Kiswahili, lugha ya watu waliokutana bila kuwa ndugu, kilikuwa tayari kwa kazi hiyo.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya wanawake peke yao. Akina baba nao wana mazungumzo yao, penye kahawa na penye habari za mpira. Huzungumzia gharama za shule, daftari na viatu, na kijana anayechelewa kurudi usiku. Lakini kwao kutua mzigo ni kugumu zaidi. Baba husema «Watoto wa siku hizi!» na kwa neno hilo la jumla huficha hofu aliyo nayo juu ya mtoto mmoja ambaye hamtaji jina. Msikilizaji hodari husubiri, kisha huuliza polepole: «Yule mkubwa hajambo?»

Methali zinazopingana

Katika mabishano ya wazazi ndimo tunamoiona methali ikifanya kazi yake halisi. Tuseme mzozo umezuka juu ya fimbo. Upande mmoja utatoa «Mchelea mwana kulia hulia yeye.» Upande wa pili, uliochoka na ukaidi wa mtoto, utasema «Mtoto akililia wembe, mpe,» yaani aachwe ajifunze kwa maumivu yake mwenyewe. Wa tatu atasema «Samaki mkunje angali mbichi.» Wa nne atageuza lawama imrudie mzazi: «Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.» Na yule ambaye mtoto wake ndiye anayesemwa atafunga mjadala kwa kusema «Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.»

Wanafunzi wanapopewa methali hizi katika orodha, kila moja na maana yake mkabala, hushangaa kwamba wahenga walijipinga. Wahenga hawakujipinga. Walikuwa wakijibizana. Methali ni kauli inayomngojea mpinzani wake, na anayeikariri peke yake ni kama mtu aliyekuja kucheza bao bila mwenzake. Tazama ile ya mwisho: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kitabuni ni sifa ya upendo wa mzazi. Uani inaweza kuwa ombi la huruma, na inaweza pia kuwa mlango unaofungwa usoni pa jirani: nyamaza, huyu si wako. Maneno ni yale yale, na jibu linalofaa ni tofauti kabisa.

Nyumba zisizo na mazungumzo

Riwaya ya Kiswahili imeonyesha, labda kuliko ushairi, nini hutokea pale malezi yanapobaki na sauti moja. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, Zakaria anampiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana. Baba huyu mlevi ana adhabu, lakini hana neno. Rosa anatoka nyumbani Ukerewe kwenda masomoni bila lugha yoyote ya kukabiliana na mambo yatakayomkuta, na maangamizi yake yanafuata. Riwaya hiyo ilizuiwa shuleni kwa muda nchini Tanzania kwa kuonekana inasema mno. Kwa maoni yetu kilio chake ni kwamba katika nyumba ile palisemwa machache mno.

Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, Maksuudi anamfungia Maimuna ndani ya nyumba kwa jina la heshima, ilhali yeye mwenyewe huko nje hana heshima hiyo. Maimuna anatoroka. Mabinti hawa wawili wa fasihi yetu wametenganishwa na bahari na ziwa, na dini na desturi, lakini hukumu yao ni moja. Walipewa maneno yasiyopokea jibu, nao wakajibu kwa miguu.

Hapo ndipo tunapoweza kurudi kwa Mwana Kupona kwa haki zaidi. Wapo wanaomhukumu leo kwamba alimfunza binti kutii tu. Hukumu hiyo inasahau mahali na wakati wa utendi. Mama ni mjane, ni mgonjwa, na anajua kwamba siku zake si nyingi. Kitandani pa ugonjwa hapana nafasi ya utani wala ya mabishano marefu. Pana nafasi ya wosia. Tena mama anayemwambia bintiye asogee karibu si mgeni kwake. Nyuma ya beti zile imesimama miaka ya kusukana nywele, ya kuulizana na ya kuchekeana, ambayo hakuna aliyeiandika. Utendi ni sauti ya mwisho ya mazungumzo marefu. Kosa si la mtunzi. Kosa ni la msomaji anayeichukua sauti hiyo ya mwisho akaifanya kuwa njia ya kila siku, akawa anawausia watoto wake asubuhi, mchana na jioni kana kwamba kila siku anakufa.

Pingamizi mbili

Huenda mwenzetu mmoja akasema kwamba tunayapamba maneno ya uani, na kwamba mengi kati yake ni umbea. Pingamizi hili lina ukweli. Siri iliyotuliwa kisimani kama mzigo inaweza kurudi jioni ikiwa habari ya mtaa mzima, na aliyeitua hatasema tena kwa mwaka. Umbea hauharibu jina la mtu mmoja tu. Huharibu aina nzima ya mazungumzo, kwa sababu huwafundisha wazazi wote kwamba kulalamika ni hatari. Ndiyo maana jamii za Waswahili zilikuwa na desturi ya kusuta, yaani kumkabili mmbea hadharani kwa maneno yake mwenyewe. Desturi hiyo ni kali, lakini inatuonyesha kwamba wazungumzaji walijua tofauti kati ya kupeana habari na kusalitiana, na kwamba waliilinda tofauti hiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ushauri wa jirani unaweza kuua. Bujumbura iko katika nyanda za chini za ziwa, na malaria si ugeni hapa. Mtoto mwenye homa ambaye mama yake anashauriwa asubiri, ajaribu majani haya kisha yale, anaweza kupotea katika siku hizo mbili za majaribio. Hili hatulifichi. Lakini dawa yake si kuwanyamazisha wazazi wasiulizane. Dawa ni kutambua kwamba kuna swali ambalo jibu lake halimo uani. Jirani aliye bora kuliko wote ni yule anayesema: «Hili silijui. Vaa, nikusindikize hospitali.» Hilo nalo ni jibu, na ni jibu la kiwango cha juu, kwa kuwa linakubali mpaka wake na halimwachi aliyeuliza peke yake.

Kipimo chetu, basi, ni hiki. Mazungumzo mema ya wazazi si yale yenye maneno matamu, wala si yale yenye hekima nyingi. Ni yale ambamo jibu limelingana na aina ya kauli iliyosemwa: swali limepata swali au njia, mzigo umepata pole, hadithi imepata hadithi, utani umepata kicheko, na hatari imepata mwendo wa haraka.

Kazi ya mwalimu

Tukirudi darasani, tunapendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji kitabu kipya wala fedha.

La kwanza, mazungumzo yafundishwe kwa majibu. Mwalimu aandike ubaoni sentensi kama ile ya mtoto asiyetaka kula, kisha awatake wanafunzi watoe majibu manne, na waeleze kila jibu limeisikia sentensi kama nini. Mwanafunzi atakayeweza kutofautisha swali na kilio katika sentensi moja atakuwa amejifunza pragmatiki bila kuogopeshwa na jina lake, na atakuwa msomaji bora wa tamthilia.

La pili, methali zifundishwe kwa jozi za kupingana, na wosia ufundishwe pamoja na jibu. Baada ya kuusoma Utendi wa Mwana Kupona wanafunzi waandike, kwa nathari, kurasa mbili za maneno ya binti. Asiwe binti wa kukaidi tu wala wa kuitikia tu. Aulize, asimulie, na pale anapoogopa aseme kwamba anaogopa. Zoezi hili halimvunjii mtunzi heshima. Linamrudishia msikilizaji aliyekuwa naye.

La tatu linahusu lugha ya mtaa. Mtoto wa Bwiza huleta darasani «mtoto yangu», na mwalimu ana wajibu wa kumfundisha «mtoto wangu», maana Kiswahili sanifu ndicho kitakachompeleka Dar es Salaam na Nairobi. Lakini amfundishe kwa kumweleza. Kiswahili sanifu chenyewe husema mama yangu, dada yangu, rafiki yangu. Wazungumzaji wa hapa, kama wenzao wengi wa mashariki ya Kongo, wameiendeleza njia hiyo hadi kwa mtoto. Basi sentensi ya mama si ujinga. Ina kanuni yake, nayo ni tofauti na kanuni ya mtihani. Mwanafunzi akielezwa hivyo atajifunza kanuni mbili. Akichekwa, atajifunza kwamba lugha ya mama yake ni ya kuonea haya, na jioni mama akimwuliza jambo atajibu kwa lugha nyingine.

Jambo hili la mwisho ndilo tunaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Mtoto anayejibu kwa Kirundi hajakosa. Kirundi ni lugha ya nchi yake, na ni tajiri. Lakini inafaa tujiulize amekisikia Kiswahili kikifanya kazi gani nyumbani. Ikiwa amekisikia kikimwita, kikimkaripia, kikimtuma dukani na kumhesabia makosa, huku vicheko, hadithi na faraja akivipata kwa lugha nyingine, basi amechagua kwa akili timamu. Hakuna mtoto anayeipenda lugha anayogombezwa kwayo tu. Somo la wiki na bango la ukutani havitoshi kumbadilisha. Kitakachombadilisha ni kumsikia mama na jirani wakizungumza kwa Kiswahili mambo yote ambayo watu wanaopendana huzungumza, naye akaachiwa pengo dogo katikati ya maneno yao ili atie neno lake.